Namba Mbili za Kamera ya Sijaona

Newala mjini ukiulizia mpiga picha utatajiwa watu watano. Ukiulizia mpiga picha wa harusi, utaelekezwa kwa Sijaona Nikolao, Mama Gift, mwenye studio ya chumba kimoja karibu na stendi ya mabasi. Watu walizoea kumtania. "Jina Sijaona, kumbe unaona kuliko sisi sote!" Naye alicheka nao, maana utani ule ulimletea wateja.

Kwa miaka kumi na miwili alifanya kazi kwa kamera za kuazima na za mitumba, zile ambazo ukipata picha kumi safi unamshukuru Mungu. Ndipo mwaka juzi, mwezi wa nane, akanunua kamera ya maana. Ilikuwa ile ile wanayobeba waandishi wa habari wa nje, inayoona gizani na kupiga picha ishirini kabla hujamaliza kupepesa jicho. Yoeli, mumewe, mkulima wa korosho kule Mnyambe, aliigeuzageuza mikononi akauliza, "Mke wangu, hii ni kamera au trekta?" Sijaona aliichukua akairudisha kwenye mkoba. Alijua amekula akiba yake yote, na alijua kwa nini.

Aliinunua Masasi, kwenye duka la vifaa la Mzee Sultani. Boksi lilifunguliwa mbele yake, plastiki yake haijachanwa, na ndani mlikuwa na kadi ya waranti ya miaka miwili. Alipiga picha ya majaribio pale pale dukani. Kabla hajapanda basi la kurudi Newala alikuwa ameshaivisha kamera koti la mpira mweusi, kwa kuogopa vumbi, na koti lile hakulivua tena hadi kamera ilipougua.

Sasa, mwezi wa sita Newala yote hunuka salfa. Ndio wakati wa kupulizia mikorosho, na ule unga wa njano huingia hata kwenye sufuria lililofunikwa. Mwaka jana, msimu huo, Sijaona alikwenda shambani kumpigia picha mkulima mmoja aliyetaka kumbukumbu ya kazi yake. Aliporudi, kamera ikagoma. Ukibonyeza, inakohoa mara moja halafu kioo kinaandika maneno ya Kiingereza. Unazima, unawasha, maneno yale yale.

Alimkimbilia Ashiru.

Ashiru alikuwa mpiga picha mwenzake, mtaa wa nyuma tu. Walijifunza kazi pamoja Mtwara kwa fundi mmoja, wakala sahani moja, na hadi leo mmoja akizidiwa na kazi humpigia mwenzake simu. Tena Ashiru alisoma hadi kidato cha sita, Kiingereza chake kilinyooka. Sijaona aliishia kidato cha pili.

"Usihangaike, dada," Ashiru alimwambia. "Una waranti. Tunaiandikia kampuni iliyoitengeneza, wanaitibu bure."

Akamfungulia anwani ya barua pepe kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaandika. Jibu la kwanza lilikuja dakika ile ile: asante kwa kutuamini, ombi lako limepokelewa, namba yake ni hii.

"Mbona haraka hivi?" Sijaona akauliza. "Hata barua hawajaisoma."

"Hiyo ni mashine, dada. Watu watakuja baadaye."

Watu walikuja baada ya siku sita. Walitaka namba iliyochapwa chini ya kamera, pamoja na picha ya kadi ya waranti. Sijaona alilivua koti la mpira, akaisoma ile namba tarakimu moja moja, Ashiru akaiandika. Siku tatu baadaye Ashiru alikuja studio na sura nzito.

"Kampuni wanasema namba ya kamera si namba ya kadi. Hii kamera iliuzwa miaka minne iliyopita, nchi nyingine kabisa, kwa mtu mwingine. Waranti yake imekufa zamani."

Sijaona alichukua kadi, akachukua kamera, akaziweka sambamba mezani. Kweli. Tarakimu tatu za mwanzo zilifanana, zilizobaki kila moja ilikwenda njia yake. Miezi kumi alikuwa na vitu hivi viwili na hakuwahi kuvilinganisha.

"Kwa hiyo Mzee Sultani..."

"Mimi sisemi kitu," Ashiru alisema, akitazama mlangoni. "Ila boksi hata mimi naweza kulivisha plastiki upya. Ningekuwa wewe, ningekwenda kumuuliza."

Usingizi haukumkaa sawasawa tangu siku hiyo. Kila alipofikiria uso wa Mzee Sultani, ule ucheshi wake wa kumpa mteja kiti na soda, aliuona sasa kama wavu. Kumbe ndiyo maana alimbembeleza! Kumbe ndiyo maana alimpunguzia bei bila kuombwa! Mambo aliyoyapenda siku ya kununua yaligeuka ushahidi mmoja baada ya mwingine.

Akapanda basi la asubuhi kwenda Masasi. Alipoingia dukani palikuwa na wateja wanne. Mzee Sultani, mtu wa miaka sitini na kitu, aliinua kichwa akatabasamu akisubiri shikamoo. Shikamoo haikuja.

"Mzee, umeniuzia kamera ya wizi."

Mzee Sultani aliweka chini kalamu.

"Mama Gift, rudia."

Akarudia, kwa sauti ya kusikika barabarani. Akapiga kadi na kamera juu ya kaunta. Akasema watu wa Newala si wajinga, na kwamba mvi nyingine huotea kwenye dhuluma. Mteja mmoja, mama aliyekuja kununua chaja, alirudisha ile chaja kwenye rafu akatoka zake.

Mzee Sultani alivaa miwani akalinganisha namba, taratibu, mara mbili. Hakupandisha sauti. "Kamera niliyokuuzia ina namba ya kadi hii. Hii nyingine siijui ilikotoka. Polisi si mbali, twende sote. Nifunge duka sasa hivi?"

Sijaona alikuwa amejiandaa kwa kelele, viapo na kusukumwa nje. Hakuwa amejiandaa kwa mtu anayetafuta kufuli lake mezani. Akababaika. Akasema atarudi na askari wake mwenyewe, akakusanya vitu vyake akaondoka.

Njia nzima, basi likipanda mlima kurudi Newala, alijiuliza. Mwizi anaweza kuwa mtulivu hivi? Wapo. Lakini mwizi anajitolea kwenda polisi? Na kama si yeye, ni nani? Kampuni yenyewe? Labda kampuni ndiyo inayotunga namba ili isilipe. Nani amewahi kuwaona hao watu? Barua zao zote zina adabu ile ile, asante kwa subira yako, asante kwa subira yako, kama kasuku aliyefundishwa neno moja.

Ashiru alipomuuliza safari ilikwendaje, alimweleza. Ashiru akatikisa kichwa. "Achana nao, dada. Yule mzee hatakubali, na kampuni wanakuzungusha tu. Nitakutafutia fundi Dar aifungue, maisha yaendelee."

Hapo, kwa mara ya kwanza, kitu kidogo kilimchoma Sijaona. Wiki iliyopita alimwambia nenda, leo anamwambia achana nao. Hakukisema. Lakini alipofika studio aliligeuza boksi la kamera juu chini hadi akakuta kwenye ubavu wake namba ya wasapu ya huduma kwa wateja. Akaandika kwa Kiswahili, kwa hasira, bila kumwonyesha mtu.

Mashine ilimjibu abonyeze moja, mbili au tatu. Akabonyeza. Ikamwambia abonyeze tena. Akaandika kwa herufi kubwa: NATAKA MTU. Baada ya saa nzima lilikuja jina.

"Habari yako dada, naitwa Rukaiya, huduma kwa wateja. Pole kwa usumbufu. Nikusaidie nini?"

Sijaona aliyatazama yale maneno kwa jicho la pembeni. Siku hizi hata mashine zinasema pole. Akaandika: "Kama wewe ni mtu kweli, niambie mchana mmekula nini hapo kazini."

Jibu likaja: "Wali maharage. Mchicha ulikuwa na chumvi kama ya kukaushia samaki, nimeuacha."

Sijaona alijikuta akicheka peke yake. Akatuma namba ya ombi lake, akaeleza yote tangu salfa hadi Masasi. Rukaiya alisoma faili kisha akaandika jambo lililomfuta kicheko chote.

"Dada Sijaona, naona hapa tumekuandikia mara tatu kuomba picha moja uliyoipiga siku ya kwanza ya kununua. Mara zote umejibu kwamba picha za zamani zimefutika. Bado ndivyo ilivyo?"

Aliisoma tena na tena. Picha za zamani zimefutika? Zimejaa kwenye diski tatu ndani ya kabati, tangu ya kwanza. Yeye hakuwahi kuulizwa. Aliyeulizwa ni barua pepe, na barua pepe ilikuwa kwenye kompyuta ya Ashiru.

"Picha ninazo zote," aliandika. "Za nini?"

Rukaiya akamweleza. Kila picha, alisema, hubeba ndani yake namba ya kamera iliyoipiga. Huioni usoni mwa picha, lakini imo, pamoja na siku na saa. Atume ya kwanza kabisa, ila aitume kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida wasapu huichuja na ile namba inapotea.

Akaitafuta. Ya kwanza kabisa, ile ya majaribio, ilikuwa ya Mzee Sultani mwenyewe nyuma ya kaunta yake, anacheka, kalamu imechomekwa sikioni. Akaituma. Jibu lilirudi kabla maji hayajachemka jikoni: namba iliyomo ndiyo ile ya kadi. Kamera aliyouziwa Masasi ilikuwa halali, mpya. Aliyonayo leo ni nyingine.

Sijaona alikaa chini. Akilini alimwona tena mama wa chaja akitoka dukani. Alijisikia akizungumza habari za mvi.

Rukaiya alimwonyesha jinsi ya kuisoma namba ile kwenye kompyuta yake ya studio. Siku iliyofuata alifunga mlango, akawaambia wateja anaumwa, akaanza kuzipekua picha zake mwezi kwa mwezi. Mwezi wa nane, namba ya kadi. Wa tisa, ya kadi. Wa kumi, kipaimara cha Lukuledi, watoto mia moja na kitu wenye nguo nyeupe, zote ya kadi. Krismasi, namba nyingine. Akarudi nyuma, akibana siku kama mtu anayemtafuta chawa kwenye mshono, hadi akafika Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja.

Harusi ya Tandahimba.

Siku hiyo Sijaona alikuwa Mnyambe, msibani kwa baba mkwe. Hakutaka kumwangusha bwana harusi, ikabidi amkabidhi Ashiru kamera, mkoba na kila kitu. Sasa alizifungua picha za siku ile. Asubuhi, namba ya kadi. Adhuhuri, ya kadi. Saa kumi kasoro dakika nane alasiri, bibi harusi anateremka kwenye gari, bado ya kadi. Inayofuata ilikuwa picha ya ajabu: imelala upande, nusu anga, nusu zege, na kiatu cha mtu. Baada ya hapo picha zote zilikuwa za kamera ndogo ya Ashiru mwenyewe. Akakumbuka wenye harusi walivyolalamika kwamba picha za ukumbini zina giza. Akakumbuka kamera iliporudi, wiki mbili baadaye, mpangilio wake wote ulikuwa umerudi mwanzo, na Ashiru akasema betri ilikwisha kabisa. Yeye aliamini. Ungeulizaje, kwa mtu mliyekula sahani moja?

Alikwenda kwake jioni hiyo hiyo. Esha, mke wa Ashiru, alikuwa uani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Akamkaribisha kwa furaha na kumwonyesha chumba cha mbele. Sijaona alifunga mlango nyuma yake. Hakukaa. Alimwekea Ashiru simu mezani, ile picha ya zege ikiwa wazi.

Ashiru aliivuta simu karibu, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Mkanda ulinasa kwenye mlango wa gari," alisema. "Gari likasogea. Nilipoiokota ilikuwa inalia ndani kama njuga. Lenzi tu ndiyo ilipona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa matangani, dada. Ningekuja vipi msibani na maiti nyingine mkononi? Nikasema matanga yaishe kwanza. Yalipoisha, nilikuwa nimeshapata wazo baya. Nikatafuta ya aina ile ile Dar, iliyotumika. Nikaivisha koti lako na mkanda wako. Nikajua hutajua."

"Pesa ulitoa wapi?"

"Nimeweka rehani mikorosho ya marehemu baba."

Sijaona hakujua aamini au asiamini. Siku ile hakuna neno la Ashiru lililoingia masikioni mwake bila kupimwa kwanza.

"Na Mzee Sultani?"

"Sikujua utakwenda kumtukana."

"Ulijua," Sijaona alisema taratibu. "Wewe ndiye uliyeniambia niende."

Ashiru aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kikapu cha ukili. Chini ya nguo kuukuu kulikuwa na kamera, pembe moja imebonyea, kioo kimepasuka. Sijaona aliigeuza. Namba ya kadi ilikuwa pale pale. Aliibeba kifuani kama mtoto, akatoka bila kuaga, na Esha akabaki na kisu mkononi akimtazama hadi alipoishia kona.

Kwenda Masasi mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza. Alichagua saa ile ile ya asubuhi, duka likiwa na watu. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee Sultani alikuwa anahesabu balbu. Akaendelea kuhesabu hadi boksi likaisha. "Marahaba," alisema, bila kuinua macho.

"Nimekosa, Mzee. Kamera uliyoniuzia ilikuwa mpya na halali. Mwizi wa maneno nilikuwa mimi."

"Sijasikia vizuri," Mzee Sultani alisema. "Siku ile ulisikika hadi barabarani."

Sijaona alipaza sauti, akarudia yote. Mpita njia mmoja alisimama kusikiliza. Alipomaliza, Mzee Sultani alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Yule mama wa chaja hajarudi hadi leo," alisema. "Lakini yaishe." Hakumpa kiti wala soda, na Sijaona hakutegemea.

Kampuni ilisema wazi kwamba waranti haigusi kamera iliyoanguka. Watamtengenezea, lakini kwa malipo. Sijaona alimwuliza Rukaiya maswali ishirini kabla hajakubali kuituma Dar: nani ataipokea, ataifungua nani, kile kitakachorudi atajuaje ni kile kile? Rukaiya alijibu yote, swali kwa swali, hata yale yenye matusi ndani yake. Ile ya mtumba Sijaona aliirudisha kwa Ashiru, maana ilikuwa haki yake. Fundi wa kawaida aliisafisha salfa iliyoingia ndani yake, nayo kamera ile ikaamka.

Bado neno la mikorosho lilimkaa rohoni. Huenda Ashiru alilitunga ili aonewe huruma. Alifikiria kuwauliza majirani wa shamba, akaona aibu.

Asubuhi moja Esha aliingia studio. Hakusalimia kwa kirefu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono imekunjwa juu ya khanga.

"Mama Gift, nimekuja kukuuliza jambo, na unijibu kama mtu mzima. Mume wangu, Baba Zuhra, aliniambia ameweka rehani mikorosho kwa matibabu ya kaka yake. Juzi shemeji amekuja, mzima, hana habari ya hospitali yoyote. Halafu mume wangu kila siku alikuwa kwako, barua, barua. Halafu ukaja nyumbani, mkafungiana chumbani, ukatoka na kitu umekikumbatia. Nimefikiri sana. Nimefikiri kuna mwanamke, na nimefikiri ni wewe."

Sijaona alimtazama. Miezi ile yote yeye ndiye aliyekuwa akipima watu: mzee wa Masasi, kampuni, mashine, rafiki. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anampima yeye. Na papo hapo akajua kwamba mikorosho kweli ilikuwa imeondoka.

Angeweza kusema kamuulize mumeo. Badala yake alisogeza kiti karibu, akamweleza Esha kila kitu, harusi ya Tandahimba, kamera ya pili, barua zilizofichwa, Masasi. Hakumtetea Ashiru wala hakumwongezea dhambi.

Esha alisikiliza bila kukatiza. Mwisho alicheka kicheko kikavu. "Mwanamke ningejua pa kumwanzia," alisema. "Kamera nitaianzia wapi?" Akainuka, akajifunga khanga upya, akatoka.

Wiki nzima nyumba ile ilikuwa na moshi bila moto. Siku ya nane Esha mwenyewe alimleta Ashiru studio, akamwacha mlangoni kama mtu anayeleta mzigo. Wakapatana watatu: harusi zote Sijaona na Ashiru watapiga pamoja, kila mtu na kamera yake, maana ile ya Sijaona ilikuwa imesharudi nzima kutoka Dar, hadi shamba likombolewe, na pesa zitashikwa na Esha. Barua pepe ya Sijaona ilihamishiwa kwenye simu yake mwenyewe, na Kiingereza akaanza kujifunza, maneno matano kwa siku.

Shamba lilirudi baada ya msimu mmoja na nusu. Urafiki ulirudi pia, ila haukurudi mzima. Siku hizi, kwenye harusi, Ashiru akiomba ashike kamera ya Sijaona dakika moja tu, Mama Gift humpa. Halafu husimama pale pale ubavuni mwake, hazungumzi, hadi arudishiwe.